Mtoto alipaliwa na karanga, eksirei imesomwa kuwa safi, kikohozi hakiishi: je, tukubali rufaa?

Mama N., Tabora

Salaam kwenu nyote. Naomba ushauri, hasa wa madaktari na wauguzi waliowahi kuhudumia jambo la namna hii, kwa kuwa nyumbani kwetu tumegawanyika na siku zinakwenda.

Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi saba. Mwanzoni mwa mwezi huu alikuwa amekaa mkekani na kaka yake wakila karanga za kukaanga, nami nikiwa jikoni. Nilisikia kikohozi cha ghafla cha kukabwa, nikatoka mbio, nikamkuta amekodoa macho, mate yanamtoka na midomo imegeuka rangi. Shangazi yake alimwinamisha akampiga mgongoni, mtoto akakohoa kwa nguvu, akatema vipande vya karanga, kisha akalia. Muda mfupi baadaye alikuwa anacheza kama kawaida, nasi tukamshukuru Mungu tukaona yamekwisha.

Siku chache baadaye alianza kukohoa usiku na kupata homa. Kituo cha afya walihesabu pumzi zake, wakasema ni nimonia, akapewa vidonge vya amoksilini vya kuyeyusha kwenye maji. Homa ilishuka lakini kikohozi kikabaki. Tuliporudi walisikia mlio kifuani, wakasema huenda ni pumu, akapewa dawa ya kuvuta, na nafuu yake ilikuwa ya usiku mmoja. Eksirei ya kifua ilisomwa kuwa ya kawaida. Sasa daktari wa hospitali ya mkoa, baada ya kutuuliza maswali mengi na kusikia habari ya karanga, ametuandikia rufaa ya kwenda Mwanza ili mtoto alazwe kwa dawa ya usingizi na apitishiwe chombo chenye taa kwenye njia ya hewa.

Mama mkwe anasema karanga ni chakula, italainika na kwisha yenyewe, na kwamba kumlaza nusukaputi mtoto anayecheza na kunyonya, ili kutafuta kitu ambacho hata picha haikukiona, ni kujitafutia balaa. Mume wangu yuko katikati. Je, picha safi si ushahidi wa kutosha kwamba hakuna kitu?

Baba Jamila

Pole sana, Mama N. Mimi si mtaalamu, nazungumza kama mzazi tu. Binti yangu alikuwa na mlio kifuani wa namna hiyo kila msimu wa vumbi, na mwishowe ilithibitika kuwa ni pumu, ambayo katika ukoo wetu ipo tangu kwa babu. Kama mtoto anakula, anacheza na picha ni safi, ningeshauri mwendelee na dawa ya kuvuta walau kwa mwezi mmoja kabla ya kufikiria chumba cha upasuaji. Safari yenyewe ni gharama, na mtoto mdogo na dawa za usingizi si jambo la kuchezea.

Daktari wa masikio, pua na koo

Mama N., pole kwa mashaka unayopitia. Jibu langu ni fupi ingawa maelezo yake ni marefu: nendeni Mwanza, na msingoje wiki ijayo.

Mtoto mwenye afya njema anakula karanga, anapaliwa ghafla, anageuka rangi, kisha anatulia. Habari hiyo peke yake, hata kifua kikisikika vizuri na picha ikiwa safi, inatosha kumfanya daktari wa koo aombe nafasi katika chumba cha upasuaji, kwa kuwa katika ugonjwa huu ushuhuda wa mtu aliyekuwapo una uzito kuliko kipimo chochote cha nje ya mwili. Kule kutulia ndiko kunakowadanganya wazazi na sisi watumishi wa afya pia. Kitu kikiwa kwenye zoloto, yaani sehemu ya koo inayotoa sauti, mtoto hukohoa na kukabwa; kikishuka kikaingia katika bomba la pafu moja, utando wa eneo hilo huzoea kuwapo kwake, kikohozi hukatika, na pafu la pili humtosha mtoto kukimbia na kucheza. Utulivu huo unaweza kudumu saa chache, siku kadhaa au hata majuma, kisha huja kikohozi kisichosikia dawa, mlio wa upande mmoja wa kifua, au nimonia inayorudi mahali palepale kila dozi inapokwisha.

Sasa nije kwenye picha. Karanga, maharage, punje za mahindi, mbegu za ubuyu na vitu vingi vya plastiki hupitisha mionzi, kwa hiyo eksirei haivioni. Msomaji wa picha hatafuti karanga yenyewe. Anatafuta alama zake, yaani pafu moja lililojaa hewa kupita kiasi, sehemu ya pafu iliyonywea, au moyo uliosukumwa upande. Alama hizo huja kwa sababu kitu kilichonasa hufanya kazi kama vali ya tairi la baiskeli: mtoto akivuta pumzi bomba hupanuka na hewa hupita, akitoa pumzi bomba hujifinya na hewa hunaswa ndani. Picha iliyopigwa wakati amevuta pumzi inaweza kuonekana safi kabisa, wakati ile ambayo ingepigwa akiitoa ingeonyesha pafu moja limebaki limevimba. Mtoto wa umri huu huwezi kumwambia atoe pumzi na kuishikilia, ndiyo maana baadhi ya wapiga picha humlaza kwa ubavu, kwani pafu la upande wa chini linapaswa kunywea kwa uzito wa mwili, na lisiponywea kuna jambo. Kipimo cha CT, yaani picha za eksirei zinazoonyesha mwili tabaka kwa tabaka, huona zaidi, lakini kwa mtoto mwenye habari iliyo wazi kama yenu mara nyingi hakiongezi kitu isipokuwa muda, mionzi na gharama.

Kuhusu hoja ya mama mkwe kwamba karanga italainika, namheshimu, maana angekuwa anazungumzia tumbo angekuwa amesema kweli. Mapafu hayasagi chakula. Mafuta ya karanga huuchoma utando wa njia ya hewa, utando unavimba na kuota vinyama laini vinavyotoka damu kwa kuguswa tu, na karanga yenyewe inazidi kuwa tete, kiasi kwamba koleo likiishika inamomonyoka na vipande vinakimbilia kwenye mabomba madogo zaidi. Maharage na mahindi hunyonya unyevu yakafura mahali palipokwisha kuwa pembamba. Kitu kikikaa miezi, sehemu ya pafu iliyo nyuma yake hutunga usaha na mabomba yake hupanuka yasirudi tena, na wapo watoto ambao wamelazimika kuondolewa kipande cha pafu kwa sababu hiyo.

Ndugu Baba Jamila amesema jambo la busara kuhusu binti yake, lakini mlio wa pumu kwa kawaida husikika pande zote mbili, huja na kuondoka, na mara nyingi una historia katika familia. Hauanzi tu kwa mtoto ambaye hajawahi kuwa nao, siku chache baada ya kupaliwa. Kupata nafuu kidogo kwa salbutamol, ile dawa ya kuvuta ya pumu, hakuthibitishi kwamba ni pumu, kwa sababu dawa hiyo hulegeza mabomba ya hewa hata pale yaliyobanwa na uvimbe unaozunguka kitu kigeni. Kungoja mwezi mmoja ni kuipa karanga mwezi mmoja.

Nisingependa pia mkilaumu kituo cha afya. Mwongozo unaotumika kwa watoto wa chini ya miaka 5 unamtaka mtumishi ahesabu pumzi, na mtoto wa kati ya miezi 12 na miaka 5 mwenye kikohozi akifikisha pumzi 40 au zaidi kwa dakika anatibiwa nimonia. Ni mwongozo mzuri. Lakini pumzi za mtoto mwenye karanga na za mtoto mwenye nimonia zinahesabika sawasawa, na asiyeambiwa kwamba mtoto alipaliwa hana namna ya kukisia. Kwa hiyo mkifika Mwanza, kila mtakayempa maelezo, kuanzia mapokezi hadi wodini, mwanze na kupaliwa kabla ya homa na kikohozi, na msisitize kwamba midomo ilibadilika rangi.

Chombo chenyewe ni bomba jembamba la chuma, lililonyooka, linalopitishwa mdomoni mtoto akiwa amelala kabisa, bila kupasua mahali popote. Gustav Killian wa Freiburg, Ujerumani, alikitumia kwa mara ya kwanza mwaka 1897 kutoa kipande cha mfupa wa nguruwe kwenye njia ya hewa ya mkulima, na Chevalier Jackson wa Philadelphia akaiendeleza kazi hiyo hadi akaacha mkusanyiko wa vitu zaidi ya 2,000 vilivyotolewa katika makoo na mapafu ya watu. Jackson alikuwa na desturi ya kujizoeza kwa kitu kinachofanana na kilichomezwa au kuvutwa, na desturi hiyo bado inafaa: chukua karanga chache za aina ileile ziwe kwenye mfuko wako, kwa sababu kwa kuziona tu mpasuaji anaweza kuchagua koleo linalokumbatia bila kuponda.

Jambo la njiani. Mtoto akae wima au apakatwe wima, asipigwepigwe kifuani wala mgongoni ili kulegeza makohozi, na asibinuliwe kichwa chini. Zamani baadhi ya hospitali zilijaribu mvuke na mazoezi ya kifua ili kitu kitoke chenyewe, zikaacha, kwa kuwa kitu kilichokuwa kimeziba pafu moja kinaweza kupanda na kuziba njia kuu, na hapo hakuna tena pafu la kumwokoa. Akianza kuhema kwa kuvuta mbavu, au midomo ikibadilika rangi tena, ingieni hospitali iliyo karibu mkaombe hewa ya oksijeni na gari la wagonjwa lenye muuguzi.

Muuguzi mstaafu, Morogoro

Daktari amemaliza upande wa hospitali. Nami naomba niseme kidogo juu ya zile dakika za mwanzo, kwa kuwa wanaosoma hapa wana watoto nyumbani.

Kama alichofanya shangazi kilifaa au la, kunategemea kikohozi kilikuwaje. Mtoto anayekohoa kwa sauti, analia au anaweza kutamka neno, hewa inapita, na kikohozi chake mwenyewe kina nguvu kuliko kofi lolote. Mwacheni akohoe, mwinamisheni kidogo mbele na mkae naye. Kikohozi kikikosa sauti, kilio kikikatika, rangi ikianza kubadilika, hapo ndipo mnapoingilia. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja analazwa kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, anapigwa mara 5 kwa kiganja katikati ya mabega, na kisipotoka anageuzwa chali akabonyezwa mara 5 katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Tumbo la mtoto wa umri huo halibonyezwi, maana ini lake ni kubwa na halijafunikwa vizuri na mbavu. Aliyezidi mwaka mmoja anainamishwa na kupigwa mara 5 mgongoni, kisha unapiga magoti nyuma yake, unamkumbatia, unaweka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu na kuvuta kwa ndani na juu mara 5, ukibadilishana hivyo hadi kitoke. Akizimia, laza chini, ita msaada, anza kumpulizia pumzi na kumbonyeza kifua. Mtoto yeyote aliyebonyezwa tumbo lazima akaangaliwe na daktari hata kama anaonekana mzima.

Yako mambo niliyoyaona kwa miaka yote ya kazi na bado yanafanyika. Kuingiza kidole kooni kutafuta kitu usichokiona kunakisukuma ndani zaidi. Kama unakiona mdomoni kwa macho, kitoe, la sivyo acha. Kumpuliza utosini hakudhuru, lakini kunapoteza muda. Tonge la ugali ambalo watu wazima humeza wakinaswa na mwiba wa samaki, kwa mtoto aliyepaliwa linaziba hata kile kipenyo kilichobaki. Maji, maziwa na mafuta vivyo hivyo.

Na ubuyu. Watu wa pwani watanisamehe, lakini mtoto wa miaka miwili kupewa mbegu ya ubuyu anyonye sukari, huku anakimbizana na wenzake, ni jambo ambalo sijawahi kulielewa. Magego ya kusagia hayajakamilika, na katika umri huo anavuta pumzi kwa kila kicheko. Karanga nzima na bisi vingoje mpaka atimize miaka 4 au 5. Kwa sasa karanga zilizosagwa na kutiwa kwenye uji zinampa chakula kilekile bila hatari hiyo, na makande yake yapondwe. Kaka mtu naye afundishwe, kwa sababu karanga nyingi zinazowaingia wadogo zimetoka mikononi mwa ndugu zao wenye upendo.

Mzazi wa Tanga

Kwetu haikuwa karanga, ilikuwa kile kifilimbi kidogo kinachowekwa tumboni mwa mwanasesere wa mpira ili alie akibonyezwa. Mtoto alipokuwa akicheka tulisikia mluzi mwembamba, na watu wakawa wanacheka naye wakidhani anaigiza ndege. Bibi yake ndiye aliyegundua kwamba mluzi unatoka hata akiwa usingizini. Kilitolewa kwa chombo hichohicho, na kesho yake tukaruhusiwa. Mama N., saa za kungoja nje ya mlango ni nzito, sitakuficha, ila kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko safari yetu ya basi.

Mama N., Tabora

Nawashukuru wote, hasa daktari. Maelezo yako nimemsomea mama mkwe, akaniuliza swali moja tu: wakiingia wakakosa karanga, mtoto atakuwa ameteswa bure? Kwa upande wangu nauliza kuhusu usingizi wenyewe: hatari yake ni ipi hasa, na kwa kuwa bado ananyonya, anyimwe ziwa tangu saa ngapi? Mume wangu amekubali tuondoke na basi la alfajiri ya keshokutwa, ila ana wasiwasi wa malipo.

Mtaalamu wa usingizi

Dada, mwambie mama kwamba njia ya hewa ikikutwa safi, mtoto ameamka na tumepata jibu ambalo hakuna picha ingetupa kwa uhakika huo, na mara nyingi tunavuta pia usaha au makohozi mazito tunayoyakuta. Sisi tunakubali kabisa kwamba baadhi ya watoto tutakaowaangalia hatutawakuta na kitu. Daktari asiyewahi kukosa kitu, huenda wengine wenye nacho anawarudisha nyumbani.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba mpasuaji na mimi tunaitaka njia moja. Yeye anapitisha bomba lake kwenye koo la hewa la mtoto, nami nampa mtoto oksijeni na dawa ya usingizi kupitia tundu la pembeni la bomba hilohilo, kwa hiyo kabla ya kuanza tunakubaliana nani atasimama wakati gani, na oksijeni ikishuka yeye anaacha kutafuta hadi ipande. Hatari ninazozitaja kwa wazazi ni zoloto kujibana ghafla, oksijeni kushuka, utando kutoka damu, na uvimbe wa koo baadaye unaomfanya mtoto awe na sauti ya kukwaruza kwa siku moja au mbili. Vifo vipo, lakini katika vituo vyenye uzoefu na vifaa vya watoto ni chini ya 1 kwa kila watoto 100, na wengi wa wanaopata shida kubwa ni wale waliocheleweshwa au waliofika wakiwa wamebanwa tayari. Ndiyo maana mmetumwa mbali badala ya kufanyiwa popote penye chumba cha upasuaji. Si kila hospitali ina mabomba ya kipimo cha mtoto mdogo, na kabla hamjapanda basi mwombeni daktari aliyewaandikia rufaa apige simu kuhakikisha kwamba vifaa vipo na mpasuaji yupo.

Kuhusu kula, kanuni ya kawaida ni kwamba chakula kigumu na maziwa ya kopo vikome saa 6 kabla ya usingizi, maziwa ya mama saa 4, na maji matupu saa 2. Kwa kuwa hamjui mtaitwa saa ngapi, njiani mnyonyesheni kama kawaida madhali anapumua vizuri, msimpe chakula kigumu kuanzia mnapokaribia Mwanza, na mkifika tu muulize kabla ya kumpa ziwa tena. Akibanwa ghafla hatutangoja saa zitimie. Mtuambie tu kwa ukweli alikula nini na saa ngapi, maana mzazi anayeficha uji wa asubuhi kwa kuogopa kuahirishiwa anatuweka sote pabaya.

Malipo: watoto wa chini ya miaka 5 wamo katika msamaha wa serikali kwenye hospitali za umma. Bebeni barua ya rufaa, kadi ya kliniki na ile filamu ya eksirei yenyewe pamoja na majibu yaliyoandikwa, na kukiwa na kitu mnachotakiwa kununua msichokimudu, ulizieni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kukata tamaa.

Baada ya hapo atakaa wodini, mara nyingi usiku mmoja, na wanaweza kurudia picha. Kikohozi hupungua siku hadi siku. Mlio wa upande uleule ukirejea, au homa ikapanda wiki chache baadaye, rudini Mwanza kwa mpasuaji yuleyule, msianzie tena kwenye dawa za pumu, kwa kuwa karanga humomonyoka na wakati mwingine kipande kidogo hubaki nyuma kikahitaji kufuatwa mara ya pili.